Samahani Aliyoiomba Mama Yako

Mwanangu Mwasiti,

Nakuandikia ukiwa bado hujarudi kutoka Maneromango kumuaga bibi yako. Kesho asubuhi basi la Mbeya litakuchukua, na mimi tangu saa nane mchana niko kwenye hii meza ya kulia, nakaa, nainuka, nakaa tena. Nimekwenda kufunga bomba ambalo halivuji. Nimetoka nje kuangalia kama kuku wana maji, nikakuta wanayo, nikarudi. Mama yako ameenda Mlandizi kukununulia mchele wa safari, kana kwamba huko Mbeya siko mchele unakotoka. Nimemwachia. Kila mtu ana namna yake ya kuhangaika, na ya kwake angalau inalika.

Sitakuandikia habari za nauli wala za marafiki, wala namna ya kufunga sanduku lako bwenini. Hayo mama yako ameyasema tangu Jumatatu na ameyarudia leo asubuhi wakati unapanda pikipiki. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka kumi na tisa.

Unakumbuka jioni ile, wiki tatu zilizopita, ulipokuja na fomu ya chuo. Ulitakiwa kupimwa kabla ya kuripoti, nasi tulidhani ni mambo ya kawaida: macho, mkojo, mapafu. Ukaiweka fomu hapahapa ninapoandikia. Hospitali walikuwa wameandika kwamba damu yako ina virusi vya homa ya ini aina ya B. Hukulia. Ulimtazama mama yako ukasema, "Mama, nimeitoa wapi hii? Mimi sijawahi kuwa na mtu, wallahi tena."

Mama yako akaweka upawa chini, akafuta mikono kwenye khanga, akakushika. "Umeitoa kwangu, mwanangu. Nimekuzaa nayo. Nisamehe sana."

Nawe ukageuka ukanitazama mimi. Nikasema, "Nipeni hiyo chumvi."

Mboga ilikuwa na chumvi ya kutosha. Tangu siku ile sijala chakula kikanishuka vizuri, kwa sababu samahani ile haikuwa ya mama yako. Ilikuwa yangu, nikamwacha aiombe.

Sasa nisikilize, na unistahimili nikirukaruka, maana jambo hili sijawahi kulisema kwa mpangilio hata mbele ya kioo.

Nilipomwoa mama yako nilikuwa bwana mifugo kijana, nimetoka Tabora na sanduku moja, nimepangiwa Kibaha. Nilikuwa na pikipiki ya serikali na kiburi cha kutosha watu wawili. Siku ya kumchukua bibi harusi, mjomba wake, Mjomba Kondo, alisimama mlangoni akatuzuia. Unajua utani wetu na Wazaramo ulivyo. Akasema, "Nyie Wanyamwezi si mmezoea kubeba mizigo? Haya, bebeni. Ila mzigo ukishatoka kwetu haurudi. Hata mkiukuta na kasoro ndani, ni wenu!" Watu wakacheka, nami nikacheka mpaka kofia ikaanguka. Yalikuwa maneno ya mtani, na maneno ya mtani yanakaa palepale yalipotupwa. Kila mtu aliyelelewa vizuri analijua hilo.

Mwaka uliofuata, mama yako akiwa na mimba yako ya miezi sita, mimi nikaugua. Nilianza kuchoka kama niliyepigwa. Chakula kikaninukia. Mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, na siku moja kule kwa wafugaji wa Ruvu mzee mmoja akanishika kidevu kama anavyomkagua ndama, akasema, "Bwana mifugo, macho yako ya njano. Wewe leo ndiye wa kuchomwa sindano."

Hospitali nilimkuta daktari mmoja mwanamke, mtu mzima, mpole. Akanipima, akaniambia ni homa ya ini B, akataka nimlete na mke wangu. Nikamleta. Mama yako alikuwa amenenepa na ngozi yake inang'aa, alikuwa anacheka na manesi. Majibu yakaja: naye anavyo. Mimi niliyekuwa nimekauka kama muwa uliopita kwenye mashine, na yeye aliyenawiri, ugonjwa mmoja.

Daktari alinieleza mengi siku hiyo, mama yako akiwa bado nje na manesi. Sikuyasikia. Mtu akishaanza kusikiliza moyo wake wenye hasira, masikio yanakuwa pambo tu. Nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu: huyu mzima ndiye aliyenipa, na kama alinipa, basi aliipata kwa mwanaume. Daktari bado anaongea, mimi nimeshasimama. Akanifuata mpaka mlangoni akaniwekea karatasi mkononi. Hiyo naikumbuka neno kwa neno, maana niliisoma baadaye mara nyingi kuliko nilivyosoma barua yangu ya ajira. Iliandikwa kwamba mama ajifungulie hospitalini, si nyumbani, na mtoto apewe chanjo ya homa ya ini siku ileile anapozaliwa, ndani ya saa ishirini na nne. Chini akaandika hospitali ya Dar ambako chanjo hiyo ilikuwa inapatikana, na mwezi uliotarajiwa.

Nikaikunja, nikaiweka mfuko wa shati.

Wiki ile ile nikamwambia mama yako, "Nenda kwenu ukapumzike." Hakuwa mjinga. Aliuliza mara moja tu, "Kupumzika, au umenirudisha?" Akafunga khanga zake.

Wazee wa Maneromango waliniita. Tulikaa sebuleni kwa bibi yako, kwenye mkeka, nami bado macho yana njano, nikawaambia walijua binti yao ni mgonjwa. Nikasema, "Mjomba Kondo alitamka mwenyewe siku ya harusi kwamba mzigo una kasoro ndani."

Mwanangu, wote walinigeukia. Nimewahi kusimama mbele ya wafugaji wenye fimbo ambao ng'ombe wao nimewazuia kuuzwa, hawakunitazama vile. Mjomba Kondo akasema taratibu, "Mkwe, mimi nilikuwa nakutania."

"Kila utani una ukweli wake," nikasema.

"Basi nilisema pia Wanyamwezi mnalala na mizigo kichwani. Na hiyo nayo tuifungulie kesi?"

Hakucheka mtu. Bibi yako ndiye aliyemaliza. Alisema, "Baba, mwanangu ana mimba inakaribia miezi saba, nawe unamshitaki kwa maneno ya mtani?" Akainuka akaingia ndani. Mpaka leo, ukiona Mjomba Kondo ananisalimia kwa adabu nyingi, usidhani ni heshima. Hanitanii tena. Alinifukuza kwenye utani siku ile, na Mzaramo akikufukuza kwenye utani ujue amekuondoa kwenye watu.

Nilirudi Kibaha. Karatasi ilikuwa mfukoni muda wote wa kile kikao. Ningeweza kumpa bibi yako. Ningeweza kumpa hata Mjomba Kondo, angeifikisha. Nilisema moyoni kwamba wakija kuomba radhi, nitawapa. Nikaitoa mfukoni nikaitia kwenye faili la chanjo za ng'ombe, katikati ya fomu za homa ya mapafu. Huko ndiko nilikoiweka saa yako ya kwanza duniani.

(Nimeinuka. Nilidhani nimesikia pikipiki getini, kumbe ni jirani. Nimekunywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo.)

Ulizaliwa nyumbani kwa bibi yako, mvua inanyesha, mkunga wa kijiji akiwa na mikono safi na roho safi lakini hana chanjo. Nilipigiwa simu siku ya tatu. Sikwenda. Nilisema nina kazi, na kweli nilikuwa nayo: nilikuwa nachanja ndama wa watu.

Mimi wakati huo nikapona. Macho yakarudi meupe, nikarudia kula, nikapimwa tena, nikaambiwa virusi vimeondoka kwenye damu yangu na mwili umeweka kinga ya maisha. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Niliona hata Mungu amenipa haki.

Miezi minne ikapita. Siku moja niko Ruvu kwa mzee Masanja, mfugaji wa Kisukuma, tumewaingiza ng'ombe kwenye kibanio cha kuwachanjia. Nikamwonyesha dume moja kubwa, nikamwambia, "Huyu umwondoe kundini. Aliugua homa ya mapafu, akapona kwa nje, ndani bado anao. Ndiye anayekumalizia wengine."

"Mbona ana afya kuliko wote?"

"Ndiyo ubaya wake. Anayekohoa utamjua. Huyu hatakwambia."

"Kwa hiyo anawaua wenzake makusudi?"

"Ng'ombe gani anaua makusudi, mzee? Na yeye aliambukizwa."

Mzee Masanja akacheka. "Sasa mbona unamsema kama mwizi?"

Nilikuwa na sindano mkononi. Sikuchanja ng'ombe mwingine siku hiyo. Nilimwambia mzee dawa imekwisha, na hiyo ilikuwa mojawapo ya uongo wangu mdogo wa miaka ile. Nikapanda pikipiki mpaka kwa yule daktari, matope mpaka magotini, nikamwomba anieleze tena yale aliyosema.

Alinieleza, nami nakupa wewe kama alivyonipa, kwa sababu ni mwili wako, una haki ya kujua kinachoendelea humo kuliko mimi.

Alisema virusi hivi vinaingia kwenye ini, ndani ya chembe zake, yaani seli, vinajizalisha humo kwa kutumia vyombo vya mwenye nyumba. Lakini vyenyewe haviziui hizo chembe. Hilo lilinishangaza. Nikamuuliza, sasa mimi niliugua nini? Akasema, "Uliugua vita yako mwenyewe. Askari wa mwili wako waliwatambua wageni, wakaanza kuua kila chembe ya ini iliyowahifadhi. Njano ile, uchovu ule, ni ini lako likipigwa na watu wako. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi ndivyo anavyopona. Wengine hata hawajui kama waliugua."

"Na mke wangu?"

"Mke wako kipimo kinaonyesha ni ya zamani. Ya kwako ndiyo mpya. Huyu alipata akiwa mtoto, labda akizaliwa, labda kwa wembe waliochangia wadogo. Usihangaike kumtafuta wa kumlaumu, hayupo. Mtoto mchanga askari wake bado wanajifunza nani wa nyumbani na nani mgeni. Wewe si bwana mifugo? Umeshaona mbwa aliyekua na paka toka mdogo akamfukuza yule paka?"

Nikasema sijaona.

"Basi ndiyo hivyo. Wanakuta kirusi humo, wanakihesabu ni mwenzao. Hakuna vita, kwa hiyo hakuna homa, hakuna njano. Mtu anaishi miaka mingi anang'aa, na damu yake imejaa virusi. Shida ni kwamba baadaye, ukubwani, askari wanaweza kuamka. Wanapiga kidogo, wanaacha, wanapiga tena. Kila wakipiga, ini linabaki na kovu. Makovu yakizidi ini linakakamaa, na wengine wanapata saratani. Ndiyo maana lazima apimwe mara kwa mara hata kama hajisikii kitu."

Kisha akaniuliza, "Mtoto alizaliwa?"

"Alizaliwa."

"Alipata ile chanjo?"

Nikasema hapana. Akauliza ana umri gani, nikasema miezi minne. Akavua miwani akaifuta muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alisema chanjo za kawaida za kliniki ulizopata zinasaidia zikiwahi, lakini aliyezaliwa na mama mwenye virusi anahitaji ya siku ya kwanza. Nikamuuliza, ungepata ile, ungekuwa salama? Akasema wengi wanaokolewa nayo, si wote. Kwa hiyo, mwanangu, hata hilo sijui. Huenda ungekuwa nayo hata kama ningepeleka ile karatasi mbio. Huenda usingekuwa nayo. Nimelala na "huenda" mbili miaka yote hii, na hakuna kipimo cha kunijibu.

Nilikwenda Maneromango kesho yake. Nilipiga magoti kwa bibi yako, nikaomba radhi kwa kumtuhumu mwanawe. Nikaeleza kwamba ugonjwa ule ni wa utotoni, hana kosa. Mama yako alilia, akanisamehe, tukarudi wote nyumbani, hapa Sofu, Kibaha, nawe njiani ukanitapikia shati lote. Watu walinisifu kwamba mwanaume anayejua kuomba radhi ni adimu. Lakini niliomba radhi kwa lile lililojulikana. Karatasi sikuitaja.

Na hapo ndipo kosa la pili lilipoanza, ambalo naliona baya kuliko la kwanza, kwa kuwa la kwanza nililifanya na hasira na hili nililifanya na akili timamu. Daktari alisema nikulete ukishafika mwaka mmoja, upimwe. Sikukuleta. Niliogopa jibu. Mama yako alipouliza, nilimwambia nilikupeleka siku ile alipokwenda msibani, na daktari amesema uko salama. Akamshukuru Mungu, akafunga siku tatu za shukrani. Mimi nikamwona anafunga.

Kisha akazaliwa mdogo wako Idi. Safari hii tulikwenda hospitali, akachanjwa kabla hata hajapata jina. Mama yako akiwa kitandani akaniuliza, "Mbona Mwasiti hakuchomwa hii?" Nikamjibu, "Siku zile haikuwepo." Idi alipimwa, hana. Mmetoka tumbo moja, mmenyonya ziwa moja, mnagombania rimoti moja. Tofauti yenu ni ile karatasi.

Umeelewa sasa kwa nini niliomba chumvi. Mama yako alidhani kile kipimo cha utotoni ndicho kilichokosea, nami nikamwacha adhani.

Juzi tulipokupeleka kwa mtaalamu, ulikuwa umelala kwenye kile kitanda wanakupitishia kile kipimo tumboni, nilikuwa nje nahesabu vigae vya sakafu. Mtaalamu alipotoka akasema ini lako ni laini, halina kovu, askari wako bado hawajaamka, dawa bado huzihitaji, ila kila miezi sita upimwe, na siku ikifika dawa zipo: hazikifukuzi kirusi chote, ila zinakibana kisizaliane. Mama yako akamkumbatia yule daktari wa watu. Mimi nilikwenda chooni nikalia. Nililia kwa furaha, na kwa kujua kwamba bahati hii sikuifanyia kazi. Miaka kumi na tisa hakuna aliyekuangalia. Kama askari wako wangeamka ukiwa na miaka kumi na mitano, hakuna ambaye angejua, kwa sababu mimi nilisema uko salama.

Kwa hiyo ninachoweza kukupa si hekima, ni makosa yangu, uyatumie unavyoona.

Mimi niliona mgonjwa ndiye mwenye haki na mzima ndiye mwenye kosa. Watu watakufanyia hivyo hivyo, kwa ugonjwa huu na kwa mengine. Huko chuo wapo watakaosogeza kikombe chao. Hauambukizwi kwa kikombe, wala kwa kushikana mikono, wala kwa kulala chumba kimoja. Ni damu, ni tendo la ndoa, ni mama na mtoto anapozaliwa. Huna deni la kumweleza kila mtu. Nakuomba tu nyembe na mswaki wako viwe vyako peke yako.

Lakini siku utakayompenda mtu, mwambie mapema, kabla hamjafika mbali. Aende akapimwe, achanjwe, ni sindano tatu tu, basi amekingwa. Akikuuliza umetoa wapi, usijitetee wala usimtaje mama yako. Mwambie amuulize baba yako, namba yangu unayo. Nitamjibu hata kama niko kitandani. Na ukija kubeba mimba, waambie wakunga siku ya kwanza, uwasumbue mpaka wakuone kero. Siku hizi hayo yanajulikana, wala hutahitaji karatasi ya mtu kukaa mfukoni mwa mtu.

Na ukimya, mama. Mimi nimefanya kazi ya kutafuta ugonjwa kwa wanyama wasiosema, na nyumbani kwangu nikaona kimya nikakiita amani. Mama yako alikuwa kimya kwa kuniamini. Mwili wako ulikuwa kimya kwa kutojua. Mimi nilikuwa kimya kwa woga. Mtu akitutazama kwa nje anaona nyumba tulivu ya Sofu, baba bwana mifugo, anapanda maua. Pima. Miezi sita ikifika, hata kama unacheka, hata kama una mtihani, nenda ukapime.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii kwenye begi lako, chini ya zile nguo za baridi, uikute ukiwa Mbeya. Nilipanga pia mama yako asijue. Lakini nilipofika hapa nikaona nafanya tena kilekile, karatasi nyingine ninaichagulia faili la kujificha. Nikainuka, nikasubiri.

Mama yako amerudi saa kumi na moja, mchele kichwani. Nikamwambia kaa. Akasema subiri nitue. Nikamwambia kaa kwanza, nikampa kurasa zote mpaka pale kwenye begi.

Alisoma amesimama, ameegemea friji. Alipofika kwenye karatasi akarudi nyuma akasoma tena. Akauliza bila kuniangalia, "Ilikuwa imeandikwa na mwezi?"

"Ilikuwa imeandikwa."

"Na gari la Maneromango lilikuwepo kila siku."

"Lilikuwepo."

"Na ile siku niliyokwenda msibani. Hukumpeleka."

"Sikumpeleka."

Akaendelea kusoma mpaka mwisho. Akakaa. Nimeishi naye miaka ishirini, sijui uso ule ni wa nini, sijawahi kuuona. Sijui kama ataniandalia chai kesho, wala sina haki ya kuuliza. Baada ya muda akazipanga kurasa vizuri, akazigonga mezani zikalingana, akanirudishia.

Akasema, "Ya kwangu na wewe tutayazungumza mtoto akishaondoka. Lakini mwandikie hivi: ile samahani niliyomwomba hapa mezani, nimeiondoa. Sikuwa na kosa. Nilimwomba mtoto msamaha, nikaenda kulala naona mwili wangu mchafu, na wewe umelala pembeni." Akainuka. "Na hii hutaitia kwenye begi akaisome peke yake kwa watu asiowajua. Akirudi kutoka kwa bibi yake, akishakula, utamsomea. Wewe, kwa mdomo wako. Na mimi nitakaa hapa."

Ameingia jikoni. Nimeandika kama alivyosema. Nje kuna pikipiki imesimama getini, na safari hii si ya jirani.

Kwa hiyo, Mwasiti, maneno haya unayasikia, huyasomi. Mama yako amekaa upande wako wa meza. Nimefika mstari wa mwisho na hakuna pa kuinuka kwenda. Mama yako hana kosa lolote. Karatasi nilikuwa nayo mimi, na ninakuomba unisamehe, hata kama si leo.